Filamu za Kijapani za kindoto: kwa nini zinasakwa, na ununue nakala ipi

Mkuu, umeuliza kwa nini watu wanasaka filamu za Kijapani ambazo hata mwisho wake haueleweki, na uanze na ipi.

Hadithi iweke pembeni. Kinachosakwa ni ile ndoto iliyotengenezwa kwa mkono, ndiyo maana nakala mbovu inaiua kabisa. Chukua Angel's Egg ya Mamoru Oshii (1985), dakika 71, maneno ya kuhesabu. Kuna sehemu wavuvi wanakimbia usiku mitaani, wanarusha vyusa kwenye vivuli vya samaki wakubwa vinavyoteleza juu ya kuta za nyumba. Samaki wenyewe hawapo. Kwenye faili lililobanwa mno, giza lote linashikana, kivuli na ukuta havitofautiki, unabaki kutazama watu wakirusha vyuma gizani. Anayekwambia inachosha, muulize aliitazama kwenye nakala gani.

Wewe anza na House ya Nobuhiko Obayashi (1977). Alitokea kwenye matangazo ya televisheni, na vitisho kadhaa vilitoka kichwani mwa binti yake mdogo. Piano inamla msichana, vidole vilivyokatika vinaendelea kupiga! Ujanja wa kamera unauona waziwazi, na utamu uko hapo hapo. Ukishaizoea, ingia A Page of Madness ya Teinosuke Kinugasa (1926), filamu bubu isiyo na maandishi ya maelezo hata mstari mmoja. Ilihesabiwa imepotea hadi Kinugasa alipoikuta ghalani kwake miaka ya 1970.

Kwenye kununua ndiko wengi wanapoumia. Diski na deki hufungwa kwa maeneo ya dunia: Blu-ray ya Japani ni eneo A, Afrika Mashariki ni B. DVD yao ni 2, yetu ni 5. Deki isiyofunguliwa maeneo itaikataa. Diski ya 4K Ultra HD haina kufuli hilo, lakini Blu-ray inayokuja nayo kwenye kasha moja inaweza kuwa nalo. Nyuma ya kasha tafuta 英語字幕, yaani tafsiri ya Kiingereza ya maandishi. Matoleo mengi ya Japani hayana. Ule ukanda wa karatasi unaozunguka kasha, obi, usiutupe, bei hushuka bila huo.

Kanda ya VHS ichungulie kwenye kidirisha chake kabla ya kulipa. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, ni ukungu. Usiitie kwenye deki, maana ukungu huo utabaki kwenye hedi, sehemu ya deki inayosoma utepe, na kuhamia kanda zako nyingine.