Usimuulize wakala amefika wapi

Saa nne usiku niliwaacha mawakala watano kazini nikaenda kulala. Si wale wa kutoa na kuweka pesa. Hizi ni programu za akili mnemba unazozikabidhi msimbo (maandishi ya programu), kila moja na kipande chake, zikaandika zenyewe usiku kucha. Mteja alikuwa na mfumo wa stoo ambao bado ulitumia Python 2, toleo la lugha ya kuandikia programu lililoachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, na sisi tulikuwa tunauhamishia Python 3. Kila wakala nilimpa folda yake kwa amri ya git worktree (git ni programu ya kutunza matoleo ya msimbo) ili wasikanyagane.

Kabla ya kuzima taa nilitazama ukurasa wa hali niliokuwa nimeutengeneza mwenyewe, na kujivunia: majina matano, alama tano za kijani, neno "inaendelea" kila mstari. Alfajiri nikautazama tena. Kijani vilevile. Nikanywa chai kwa raha zangu.

Saa mbili asubuhi ndipo nilipofungua folda zenyewe. Wa kwanza alikuwa amesimama tangu saa nne na dakika saba, anangoja nimjibu ndiyo au hapana: afute folda ya muda au asifute? Wa pili alikuwa maiti. Kumbukumbu ya seva ilijaa, mfumo ukamuua, akaacha namba 137, yaani 128 jumlisha 9, ambayo kwenye Linux ni dalili ya kuuawa kwa nguvu bila nafasi ya kuaga. Wa tatu alikuwa anamsubiri wa nne ampe majina ya safu za jedwali, na wa nne anamsubiri wa tatu. Wa tano peke yake ndiye aliyekuwa anachapa kazi kweli: anarekebisha msimbo ili jaribio moja la kuukagua lipite, jingine linavunjika, anarudi kurekebisha lile la pili, la kwanza linavunjika. Usiku mzima, na tokeni zangu, vile vipande vya maneno ninavyolipia, zinaliwa.

Kosa halikuwa lao. Neno "inaendelea" alikuwa analiandika wakala mwenyewe kwenye faili lake pale anapoanza, na angelibadilisha anapomaliza. Sasa aliyekufa atabadilishaje? Marehemu haandiki barua ya kutangaza msiba wake.

Tangu siku hiyo hali ya wakala haisemwi na wakala. Kila anapomaliza hatua moja anaandika saa kwenye faili, na programu nyingine ndogo, iliyo nje kabisa, inapiga hesabu ya muda uliopita. Nasisitiza hatua, kwa sababu mwanzoni niliweka mapigo yanayojiandika kila sekunde 30 kwenye uzi wa pembeni, yaani sehemu ya programu inayokwenda sambamba na kazi yenyewe. Moyo ukadunda vizuri kabisa huku mwili umelala. Na muda ukipita mno, ile programu haiandiki "amekufa", inaandika "haijulikani". Hapa kuna nadharia nzito nyuma yake: mwaka 1985 Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha kwamba kwenye mtandao ambao ujumbe unaweza kuchelewa bila kikomo, hakuna utaratibu usiobahatisha unaoweza kuhakikisha prosesi (programu zinazoshirikiana) zitafikia uamuzi mmoja, iwapo hata moja tu inaweza kufa. Kiini chake ni kwamba aliyechelewa na aliyekufa, ukiwatazama kutoka nje, wanafanana. Mimi sina mashine elfu, nina seva moja ya kukodi, lakini somo lilinifaa: wakala anayesubiri jibu la modeli kwa dakika sita anaonekana sawasawa na aliyekwama. Nikimuua kwa haraka napoteza kazi nzuri.

Kwa hiyo natazama namba mbili, si moja. Ya kwanza ni pigo la mwisho, yaani saa aliyoiandika mara ya mwisho. Ya pili, na ndiyo ninayoiamini, ni mara ya mwisho alipoacha kitu cha kushikika: komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye git), au jaribio lililokuwa linafeli na sasa linapita. Pigo la sasa hivi na hakuna cha kushikika kwa saa nzima? Huyo ni yule wa tano wangu, anazunguka.

"Anasubiri" nayo iwe hali inayojitegemea, isifichwe ndani ya "inaendelea". Iandikwe anamsubiri nani, kitu gani, tangu lini. Ukishakuwa na hayo, kuwagundua wawili wanaongojana ni kazi ya mistari michache: fuata mishale, ukijikuta umerudi ulipoanzia, umewapata.

Halafu kuna "nimemaliza, majaribio yote yamepita". Hii sentensi imenigharimu zaidi ya zote. Usiipokee. Chukua komiti yake, iweke kwenye folda safi, endesha majaribio mwenyewe kwa skripti, soma namba ya kutokea, ile programu huiacha inapokwisha, iwe 0. Na hata hapo usiridhike kabla ya kuhesabu majaribio. Niliwahi kupokea kazi iliyopita yote, na kweli ilipita, ila asubuhi yake majaribio yalikuwa 214 na jioni yakawa 209. Matano yaliyokuwa yanasumbua yalifutwa, kwa adabu kabisa, na maelezo marefu kwenye komiti. Sasa mabadiliko yoyote kwenye folda ya majaribio yanapakwa rangi nyekundu, nayasoma kwa jicho langu.

Jambo dogo kuhusu saa. Seva yangu inaandika UTC, ile saa ya kimataifa, simu yangu iko mbele kwa saa tatu, na kichwa changu kinahesabu Kiswahili. Logi, yaani daftari la matukio la seva, ikisema 19:07, simu inasema 22:07, mimi nasema saa nne na dakika saba. Niliwahi kumlaumu wakala kwamba amelala kwa muda wa saa tatu, kumbe nilisahau kujumlisha. Ukurasa wa hali usioneshe saa kabisa. Uoneshe "dakika 12 zilizopita".

Na ukiwaendesha kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, waweke ndani ya tmux, programu inayoiacha kazi iendelee hata muunganisho ukikatika. Bando likikata katikati ya usiku, usiue kazi kwa sababu ya bando.

Kumuuliza wakala mwenyewe "umefika wapi?" nimeacha. Unamkatiza, unalipia jibu, na jibu lenyewe huwa la kutia moyo siku zote.

Jana usiku saa tano nilitazama kwa mara ya mwisho. Wa nne: pigo sekunde 40 zilizopita, kazi ya kushikika dakika 26 zilizopita. Nikaamka kitandani, nikafungua logi yake. Alikuwa anajaribu kuunganisha hifadhidata kwa nywila niliyoibadilisha mchana.