Je, nitunge mashairi ili nibadilishe itikadi za watu?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mtunzi wa mashairi hapa Kibokoni. Wenzangu wamegawika: wako wasemao shairi lisilolingania dini ni upuuzi, na wako wasemao shairi ni burudani, mawaidha yaachiwe mimbari. Je, yafaa nitunge kwa nia ya kubadilisha itikadi ya msikilizaji?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Mwanangu, mimbari hiyo mshairi ameshaipanda. Mtume (s.a.w.) alimwekea Hassan bin Thabit mimbari msikitini Madina, asimame amtetee kwa beti zake. Na Sura Ash-Shuaraa, iliyowakemea washairi wasemao wasiyoyatenda, iliwatoa katika lawama walioamini wakatenda mema. Basi kutunga ukiwa na msimamo si kosa. Shairi la harusi nalo, lisilo na machafu, litunge bila wasiwasi.

Kinachonishughulisha ni neno lako "kubadilisha". Itikadi iko moyoni, na moyo una Mwenyewe. Mtume aliambiwa: "Basi kumbusha! Hakika wewe ni Mkumbushaji. Wewe si mwenye kuwatawalia" (88:21-22). Ikiwa yeye hakupewa mamlaka hayo, mimi na wewe tutayatoa wapi?

Utazame utenzi wa Al-Inkishafi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyaona majumba ya Pate yamekuwa magofu, matajiri wake wamelala makaburini. Angeweza kutugombeza sisi. Aliugombeza moyo wake mwenyewe, ubeti baada ya ubeti. Nami kila niisikiapo ikisomwa huinamisha kichwa, kwani naona ninayesemwa ni mimi. Hajanilazimisha kitu, marehemu yule, na bado amenifikia.

La kuogopa ni hila. Mtume alisema katika ufasaha mna uchawi, na wewe uchawi huo umepewa. Usimzulie mpinzani wako maneno asiyoyasema ili umshinde kwa vina. Usimtie mtu hofu kwa kisa ujuacho ni cha uongo, hata kama wataka aanze kuswali. Dini hii haikujengwa kwa uongo. Wala msikilizaji akitokwa na machozi usihesabu kuwa ameamini. Huenda ni sauti yako tu iliyomliza.

Utungo ukikamilika, usome peke yako usiku, kabla hujaupeleka barazani. Ukikuchoma wewe kwanza, upeleke.

Wallahu a'lam.