Fuata maji, achana na saa

Mkuu, unauliza kwa nini ulikaa ufukweni siku nzima na darubini ukitafuta ndege wa pwani, ukaambulia vidoti tu kwa mbali. Shida ni muda, ulienda maji yametoka kabisa, hapo ndege wametawanyika huko kwenye tope. Cheki ratiba ya maji ya bahari kujaa na kupwa, fika masaa mawili matatu kabla hayajajaa, jua liwe mgongoni, kaa chini utulie, maji yenyewe yatakusogezea ndege. Rangi achana nazo kwanza (zinachanganya hata wazoefu), angalia mdomo na mwendo: ndege anayeitwa sululu ana mdomo mrefu umepinda kwenda chini anauzamisha topeni, wale wa mdomo mfupi wanakimbia hatua chache, wanasimama ghafla, wanadonoa. Ila usiwafuate topeni, mimi nilishaacha kiatu huko.