Futa Kwanza Hiyo Picha

Jumanne usiku, saa tano na kitu, nimeshapanda kitandani, simu ikaita mlio wa ujumbe. Dogo mmoja wa Geita, winga, tunafahamiana kwa kusomana tu humu mtandaoni, kanitumia picha. Amekaa kwenye kochi jekundu, kashika kalamu, mezani kuna makaratasi, ukutani nembo ya klabu. Chini kaandika: "Kocha, mambo tayari. Niiweke Insta sasa hivi au nisubiri asubuhi watu wakiwa wengi?"

Nikamuuliza kitu kimoja tu: umesaini? Akajibu, "Bado kidogo. Mwenyekiti kasafiri, ila wamesema hamna shida."

Usingizi ukanikimbia. Lile kochi nalijua. La kwangu lilikuwa la kahawia, limechanika kwenye mkono, lakini ni lile lile.

Mwaka 2016 nilikuwa na miaka 22, nacheza beki tatu, yaani beki wa kushoto, kwenye timu ya Daraja la Kwanza hapa Morogoro. Sijisifu, ila waliokaa jukwaani pale Jamhuri enzi hizo wanaijua krosi yangu. Sikuwa na mbio sana. Nilikuwa na mguu. Msimu ule mabao ya straika wetu, karibu nusu, yalitoka kwenye mguu huu wa kushoto ambao leo naukandia maji ya moto kila nikitoka mazoezini na vijana.

Basi, dirisha dogo likakaribia, nikapigiwa simu na mtu wa timu ya Ligi Kuu. Siitaji jina, bado ipo na ina watu wema. Akasema njoo Dar tuongee, kimya kimya. Alilitamka mara mbili hilo neno: kimya kimya. Nikaaga kambini kwamba bibi anaumwa (bibi alikuwa mzima, Mungu anisamehe), nikapanda basi na mchezaji mwenzangu ambaye nilimchukulia kama ndugu. Tulikutana nao gesti moja Sinza. Tukala kuku, tukaongea dau, tukaongea mshahara, wakaniwekea karatasi mezani niisome. Wakasema watazungumza na klabu yangu kwanza, halafu tutasaini.

Walipotoka nje kupokea simu, mwenzangu akasema, "Shika kalamu nikupige moja ya kumbukumbu." Nikashika. Nikacheka meno yote nje.

Tulipofika Kibaha nilikuwa nimeshaitupia. Maneno niliyoandika nayakumbuka mpaka leo, nayaona aibu: "Mungu hamtupi mja wake. Mliosema sifiki, nawasalimu. Kuna makocha wanaojua mpira na kuna wanaojua kupuliza filimbi tu." Hadi naingia Msamvu, komenti zilikuwa hazihesabiki. Jina la timu sikuliandika, nikajiona mjanja.

Sasa sikia. Ile karatasi mezani ilionekana kwenye picha, kichwa chini miguu juu. Mtu akaikuza, akaigeuza, akasoma. Dau: milioni nne na nusu. Juu yake, nusu ya nembo. Skrinshoti ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp usiku ule ule, imechorewa duara jekundu kwenye tarakimu.

Asubuhi moto ukawaka pande tatu. Klabu yangu ikasema imezungukwa, na kweli ilizungukwa: mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi 8. Kanuni za FIFA hazina fumbo hapo. Klabu inayokutaka inatakiwa iiandikie klabu yako kabla haijakaa na wewe mezani, na wewe una ruhusa ya kusaini kwingine pale tu mkataba wako umeisha au umebakiza miezi 6. Kule nilikokuwa naenda, beki wao wa kushoto, mtu aliyecheza pale misimu mitatu, akaiona ile namba na kuuliza kwa nini dogo wa Daraja la Kwanza anamzidi. Na kocha wangu, yule wa filimbi, hakusema kitu. Aliniweka benchi mpaka msimu ukaisha.

Siku ya nne nikapata ujumbe: "Dogo tumesitisha. Viongozi hawajapenda." Maneno manne. Nikapiga, haikupokelewa. Nyumbani mama alikuwa ameshapika pilau, majirani wameshakula, na mjomba ameshakopa laki mbili kwa jina langu.

Miaka inayofuata nairuka, haina utamu. Timu mbili ndogo, goti, basi. Leo nauza vipuri vya bodaboda Kihonda na jioni nafundisha vijana. Yule mwenzangu aliyenipiga picha alikuja kusajiliwa Ligi Kuu, nafasi ile ile, msimu uliofuata. Sisemi kwamba skrinshoti ya kwanza ilitoka kwake. Nasema tu kwamba picha yenye ubora ule, ambayo karatasi inasomeka, ilikuwa kwenye simu mbili.

Haya, turudi kwenu nyie mnaotaka kufika. Najua mnataka, ndiyo maana mnanisoma.

Cha kwanza: usiposti kabla hujasaini. Na ukishasaini, usiposti kabla klabu haijakutambulisha. Klabu siku hizi zina watu wa habari, zinapanga siku na saa ya utambulisho, zinauza jezi kwa utambulisho huo. Ukiwatangulia umewaharibia biashara hata kabla hujavaa bukta yao. Hii habari ya "soon", emoji za saa, picha ya begi uwanja wa ndege, ni ile ile kalamu yangu kwa jina jingine.

Halafu kuaga. Jamani, kuaga. Kuandika "asanteni mashabiki" hakuvunji mkataba. Mwisho wa 2022 Feisal Salum, yule Fei Toto, aliwaaga watu wa Yanga mtandaoni, nchi nzima ikasoma. Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la soka nchini, ikaamua bado ni mchezaji wa Yanga, na klabu ya Azam alihamia katikati ya 2023, klabu mbili zilipoelewana. Simlaumu Fei, kila mtu anajua kilichomkaa rohoni. Lakini yule ni Fei Toto, alikuwa na jina la kumsubirisha. Wewe na mimi hatusubiriwi.

Mnanijibu kwamba zamani hamkuwa maarufu, hakuna atakayefukua mlichoandika. Mtafute Andre Gray, straika. Mwaka 2012 alikuwa kwenye soka la madaraja ya chini huko Uingereza, akaandika maneno machafu Twitter dhidi ya mashoga, hakuna aliyemjali. Agosti 2016 akaifungia Burnley dhidi ya Liverpool, Ligi Kuu ya Uingereza, na siku hiyo hiyo watu wakayafukua. Akafungiwa mechi 4 na faini ya pauni 25,000. Bao lilifungua kaburi. Na Desemba 2015 Barcelona walimsajili Sergi Guardiola kwa timu yao ya pili, wakamvunjia mkataba ndani ya saa chache baada ya kuonekana alichowahi kuandika kuhusu Catalonia. Saa chache! Mimi nilipewa siku nne, tena nalalamika.

Kwa hiyo leo, kabla ya kulala, rudi nyuma kwenye kurasa zako mpaka mwaka uliofungua akaunti. Matusi ya refa, futa. Ulivyowacheka Simba walipofungwa, au Yanga, futa, maana hujui nani atakupigia simu kesho. Ya kocha wako futa mara mbili.

Na inboksi nako. Kila siku napokea "kocha nitafutie timu", nukta. Jina hakuna, namba hakuna, mguu hakuna. Mtu wa usajili anapokea hizo mia. Mwandikie salamu, jina, tarehe ya kuzaliwa ya kweli (ya kweli, nimesema), nafasi, mguu unaotumia, timu uliyopo, mkataba unaisha lini, na video fupi ambayo mpira unaonekana, bila ule muziki wa kupasua masikio. Asipojibu, usimfuate kwenye komenti za picha ya mwanawe siku ya birthday. Nimeona hilo kwa macho yangu.

Wanaojiita mawakala nitawaandikia siku nyingine, ila lishike hili: tangu Oktoba 2023 FIFA inataka wakala awe na leseni, na leseni anaipata kwa mtihani. Majina yao yapo kwenye tovuti ya FIFA. Akikuomba laki tano ya "majaribio Ulaya" kwa DM, tafuta jina lake kule kwanza.

Najua kuna atakayesema mimi ni mtu wa zamani, kwamba bila mitandao huonekani. Sikatai, video imewafikisha watu. Lakini Mbwana Samatta, TP Mazembe ya Kongo walimwona akiwa na jezi ya Simba, anacheza dhidi yao kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika 2011. Hakuwatumia kalamu. Aliwatumia mpira. Mdogo wangu, ukipewa mpira utasemaje na hali kutwa upo laivu unajibizana na watu wenye picha ya paka? Jiheshimu. Mheshimu kocha hata kama anajua filimbi tu. Yule wangu, nije kuwaambia, alikuwa anajua mpira. Nilimwomba radhi 2019, msibani, akanishika bega akasema alishasahau. Hakuwa amesahau.

Basi usiku ule nikamwandikia dogo wa Geita ujumbe mrefu kama huu, nikamalizia: futa kwanza hiyo picha, hata kwenye simu, halafu ulale. Tiki za bluu zikaja. Dakika kumi kimya. Nikadhani amekasirika.

Kisha akajibu: "Nimefuta kocha, nashukuru sana. Ila mjomba ameshaiweka status."