Kikohozi kinachorudi rudi, uliza na moshi

Dada umeuliza wewe kama nesi wa watoto utasaidiaje kwenye hii hewa chafu wakati huna uwezo wa kufunga viwanda. Mi naona anza na maswali, mtoto akija na kikohozi kilekile tena muulize mama wanapikia nini, mtoto analala wapi, nani anavuta sigara ndani, barabara kubwa iko karibu? Halafu andika kwenye faili, la sivyo wa zamu ya kesho atatoa dawa ileile. Kichanga anapumua kama mara 40 kwa dakika, mtu mzima 12 mpaka 20, kwa hiyo moshi uleule yeye unamuumiza zaidi. Ila usimlaumu mama jamani, mwambie tu wakati wa kupika mtoto akae mbali na moto, na mwenye pumu inhela isikosekane.