Mume alilipwa kwa asilimia 70: mjane adai nini?

SWALI: Ndugu mshauri, mume wangu alishinda grini kadi akaenda Marekani mwaka 2001, akajiunga na jeshi la nchi kavu, akapelekwa Iraq kati ya 2005 na 2006, na akaondoka jeshini kwa heshima mwaka 2009. Alirudi nyumbani, tukaoana kimila mwaka 2011. Mahari ililipwa, lakini hatukuwahi kwenda kwa msajili wa ndoa. Tuna watoto wawili, wa miaka 12 na 9. Barua zake zinaonyesha ulemavu wa aina tatu, 50, 30 na 10, ingawa alilipwa kwa asilimia 70, jambo ambalo sijalielewa hadi leo. Alifariki tarehe 9 Juni 2025 kwa saratani ya umio. Fedha zilizoingia benki mwezi wa Agosti ziliondolewa baadaye. Je, nina haki ya kuendelea kupokea ile asilimia 70? Shemeji zangu wanasema saratani haina uhusiano na vita, na kwamba mke wa kimila hatambuliwi Marekani. Yuko pia mtu hapa mjini anayesema atanishughulikia nikimpa asilimia 30 ya kitakachopatikana. — Mjane, Bungoma

JIBU: Mama, pole sana kwa msiba. Nitaanza na hiyo asilimia 70, kwa sababu ndiyo inayokuelekeza mahali ambapo haki yako haipo.

Fedha alizokuwa akipokea marehemu hazikuwa pensheni ya kustaafu bali fidia ya ulemavu, ambayo Idara ya Maveterani ya Marekani, VA, humlipa askari wa zamani kwa jeraha au ugonjwa uliotokana na utumishi wake. Fidia hiyo hukoma pamoja naye, na mjane hairithi hata kama ndoa yake haina doa lolote. Kuhusu hesabu iliyokutatiza, idara haijumlishi 50, 30 na 10 ikapata 90. Huanza na mtu mzima wa 100, ikaondoa 50, kisha ikachukua asilimia 30 ya nusu iliyosalia, yaani 15, ikafika 65; asilimia 10 ya 35 zilizobaki ni 3.5, na jumla ya 68.5 husogezwa hadi kwenye kumi iliyo karibu, ambayo ni 70. Nimeeleza haya ili usidhani kwamba mumeo alipunjwa, maana hesabu hiyo kwa sasa haiamui chochote katika dai lako.

Na zile fedha za Agosti? Malipo ya kila mwezi huingia mwanzoni mwa mwezi unaofuata, kwa hiyo yaliyoingia Agosti yalikuwa ya Julai, wakati marehemu alikuwa amekwisha kuzikwa, na serikali ilikuwa na haki ya kuyarudisha. Malipo ya mwezi wa kifo, Juni, ambayo kwa kawaida huingia Julai, ni mali ya mjane kwa mujibu wa sheria. Kagua taarifa ya benki: ikiwa hayo nayo yaliondolewa, yadai.

Haki yako wewe ni nyingine kabisa, nayo katika barua za idara huitwa DIC. Ni malipo ya kila mwezi kwa mjane, na huongezwa kwa ajili ya watoto. Kwa vifo vilivyotokea tangu Januari 1993 cheo cha marehemu hakiangaliwi, kwa hiyo mjane wa koplo na mjane wa jenerali huanzia kiwango kimoja. Kinachoangaliwa ni namna kifo kilivyotokea. Mjane hustahili ikiwa askari alifia kazini, au alikufa baadaye kwa ugonjwa au jeraha lililotokana na utumishi, au, hata kama kilichomwua ni kitu kingine, alikuwa amehesabiwa kuwa na ulemavu kamili kwa miaka 10 mfululizo kabla ya kufa. Njia hii ya mwisho inaonekana kufungwa kwako kwa kuwa alikuwa na 70, lakini usiifunge kabla ya kusoma barua zake zote. Mtu mwenye 70 aliyeshindwa kufanya kazi kwa sababu ya ulemavu wake anaweza kulipwa kwa kiwango cha 100, na hali hiyo huhesabiwa kuwa ulemavu kamili. Kiasi kilichokuwa kikiingia benki kitakuonyesha, kwa sababu mwaka 2025 veterani asiye na tegemezi alilipwa dola 1,759.19 kwa asilimia 70, na dola 3,831.30 kwa 100.

Hata hivyo, dai lako linasimama juu ya njia ya pili, na hapo ndipo shemeji zako wamekosea. Tarehe 10 Agosti 2022 Marekani ilipitisha sheria iitwayo PACT, inayowahusu askari waliovuta moshi wa mashimo makubwa ya kuchomea taka kambini na hewa nyingine chafu ya uwanja wa vita. Iraq imo katika orodha ya nchi zake, pamoja na Afghanistan, na hata nchi za jirani zetu, Somalia na Djibouti, kila moja kwa tarehe zake. Kwa askari aliyekanyaga nchi hizo, sheria imeweka dhana kwamba saratani yoyote ya mfumo wa chakula imetokana na utumishi, na umio ni sehemu ya mfumo huo. Maana yake ni kwamba hutakiwi kumtafuta daktari wa kuapa kwamba moshi wa Iraq ndio uliomwua mumeo. Unathibitisha mambo mawili tu, kwamba alikuwa Iraq na kwamba alikufa kwa saratani hiyo, na sheria yenyewe inaunganisha. Nasisitiza hili kwa sababu saratani ya umio imewazika watu wengi magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa ambao hawakuwahi kushika bunduki, na daktari wa kwetu akiulizwa chanzo atataja chai ya moto, pombe au tumbaku. Maoni hayo hayakufungi. Wala haidhuru kwamba marehemu hakuwahi kuidai saratani hiyo alipokuwa hai, kwa kuwa dai la mjane hujitegemea.

Kuwepo kwake Iraq kutaonekana katika hati ya kuondoka jeshini, ile iitwayo DD214, na kumbukumbu zake za utumishi. Chanzo cha kifo ndicho kinachohitaji uangalifu. Nimeona vyeti vingi vya kifo kutoka nyumbani ambavyo chini ya chanzo vimeandikwa kwamba moyo ulisimama au pumzi ilikatika, jambo ambalo ni kweli kwa kila maiti na halimsaidii mjane hata kidogo. Soma cheti chako leo. Ikiwa hakitaji saratani, rudi hospitali alikotibiwa uombe muhtasari wa matibabu pamoja na ripoti ya maabara ya kipande cha nyama kilichopimwa, uviambatanishe. Kibali cha mazishi peke yake hakitoshi. Kumbuka pia kwamba saratani si lazima iwe chanzo pekee. Yatosha iwe imechangia kifo kwa kiasi kikubwa.

Sasa ndoa. Si kweli kwamba Marekani haitambui ndoa ya kimila. Sheria ya maveterani inasema uhalali wa ndoa utapimwa kwa sheria ya mahali wahusika walipokuwa wakiishi walipooana, au walipokuwa wakiishi haki ya malipo ilipozaliwa. Kwako wewe mahali hapo ni Kenya, na Kenya inaitambua ndoa ya kimila, ikiwa ni pamoja na katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Tatizo lako ni la ushahidi, kwa sababu usajili ulihitaji wanandoa wote wawili na mmoja hayupo tena. Usijaribu kutengenezewa cheti cha tarehe za nyuma, maana hati moja ya kughushi itaangusha dai ambalo lingepita bila hiyo. Kusanya badala yake hati za kiapo za wazee waliohudhuria utoaji wa mahari, zikitaja siku, mahali na idadi ya ng'ombe. Barua ya chifu. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye jina la baba. Na kile kijitabu cha mazishi ambacho jina lako limechapishwa kama mke. Watu hukidharau kijitabu hicho, lakini kilichapishwa kabla dai halijafikiriwa, mbele ya ukoo mzima, na hakuna aliyekipinga. Idara ina fomu zake za maelezo ya ndoa, namba 21-4170 kwa mjane na 21-4171 kwa mashahidi, na ni vyema kuzitumia.

Ushahidi wenye nguvu kuliko yote huenda tayari umo mikononi mwa idara. Veterani mwenye asilimia 30 au zaidi huongezewa fedha kwa ajili ya mke na watoto, mradi awe amewaandikisha. Tafuta katika barua zake kama jina lako limetajwa. Likiwemo, idara ilishakukubali kuwa mke zamani na itakuwa na kazi kubwa kukukana sasa. Ikiwa jina lililomo ni la mwanamke mwingine aliyemwoa huko Marekani na hakumpa talaka, hali hubadilika, kwa sababu malipo ya mjane huenda kwa mjane mmoja wa kisheria. Hata hapo sheria imemwachia nafasi mwanamke aliyeolewa bila kujua kwamba kulikuwa na kizuizi, akaishi na mumewe hadi kifo, na akazaa naye au wakakaa katika ndoa angalau mwaka mmoja. Anaweza kukubaliwa kama mjane, ila si pale ambapo mke wa kisheria naye amedai na kuonekana anastahili. Ukikuta jambo la namna hiyo, lieleze wazi tangu mwanzo.

Kuna suala ambalo hukuuliza, nami nalileta kwa heshima kwa sababu natambua mila za kwetu. Mjane akiolewa tena kabla ya kufikisha miaka 55, malipo haya husimama. Aliyeolewa akiwa na miaka 55 au zaidi, tangu tarehe 5 Januari 2021, hapotezi kitu. Lakini sheria haitazami cheti peke yake: mjane anayeishi na mwanamume na kujitambulisha hadharani kuwa mke wake naye hukosa. Kwa hiyo wazee wakileta mazungumzo ya kurithiwa na ndugu wa marehemu, fahamu kwamba uamuzi huo una gharama yake huku, hata kama hakuna karatasi itakayosainiwa. Ndoa hiyo ya pili ikivunjika kwa kifo au talaka, haki inaweza kurudi.

Kwa viwango vilivyoanza tarehe 1 Desemba 2024 na kutumika mwaka 2025, mjane alilipwa dola 1,653.07 kwa mwezi, na kila mtoto aliye chini ya miaka 18 aliongeza dola 409.53, yaani kwako jumla ingekuwa dola 2,472.13, bila kodi ya Marekani. Viwango hupandishwa kila Desemba kufuata gharama za maisha. Mjane mwenye watoto wadogo huongezewa pia kiasi cha mpito kwa miaka miwili ya mwanzo. Kuishi Kenya hakukuzuii, wala kutokuwa raia wa Marekani. Kifo kikikubaliwa kuwa kimetokana na utumishi, ipo pia posho ya mazishi isiyozidi dola 2,000, bima ya matibabu iitwayo CHAMPVA, ambayo hurejesha gharama hata za hospitali za nje ya Marekani, na msaada wa masomo kwako na kwa watoto.

Tarehe ndiyo inayonitia wasiwasi. Dai likipokelewa ndani ya mwaka mmoja tangu kifo, malipo huhesabiwa kuanzia tarehe mosi ya mwezi wa kifo, yaani 1 Juni 2025. Likichelewa kwa siku moja baada ya tarehe 9 Juni 2026, huhesabiwa tangu siku lilipopokelewa, na miezi yote ya nyuma imepotea. Fomu yako ni 21P-534EZ, ambayo ndani yake hudai pia chochote ambacho marehemu alikufa akikidai kwa idara. Usisubiri hati zote zikamilike. Unaweza kutuma kwanza taarifa ya nia ya kudai, fomu 21-0966, ambayo hukushikia tarehe yako huku ukipewa mwaka mwingine wa kukusanya ushahidi. Hati za kifo na za kuzaliwa ziwe nakala zenye saini na mhuri wa ofisi inayozihifadhi, na kila kilichoandikwa kwa Kiswahili au lugha ya nyumbani kiambatane na tafsiri iliyothibitishwa.

Huyo wa asilimia 30 mkatalie. Sheria ya Marekani inakataza mtu yeyote kutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza mbele ya idara, awe wakili au la. Vyama vya maveterani vilivyoidhinishwa hufanya kazi hiyo bure, kwa barua pepe na simu, nawe huvipa uwakilishi kwa fomu 21-22. Wakili aliyeidhinishwa anaweza kulipwa tu baada ya uamuzi wa kwanza kutolewa, na katika hatua hiyo ada ya kawaida ni asilimia 20 ya malimbikizo, si ya malipo yako ya kila mwezi. Ikiwa umekwisha kumpa mtu huyo namba ya benki, nywila au nakala ya DD214, badilisha nywila hiyo na uijulishe benki kabla hujatuma fomu yoyote.