Mnyororo wa punda

Mmeuliza wiki hii kama kiingilio cha makumbusho kishushwe ili Watanzania tuingie kwa wingi. Nilitaka kujibu kwa neno moja: hapana. Raia tayari tunalipa pungufu kuliko wageni, na huyo anayelalamikia kiingilio utamkuta Coco Beach jioni anaagiza mishikaki bila kuuliza bei.

Shida ni kwamba hapa Dar neno lenyewe limeshakuwa kituo cha daladala. Konda anaita "Makumbusho! Makumbusho!", watu wanamwagika, wanapita jirani kabisa na Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za asili za makabila yetu, na hakuna anayegeuza shingo. Mimi wa Kijitonyama nimo humo humo.

Mwaka juzi alinijia mjomba kutoka Ujiji. Akasema anataka kuona Bagamoyo, mwisho wa ile njia ya misafara ya watumwa na pembe iliyoanzia kwao. Tukapanda gari, wapi tena, Makumbusho. Tulifika kwenye makumbusho ya misheni ya Wakatoliki, ile iliyoanza 1868, tukakata tiketi. Ndani alipita upesi mno. Minyororo, pingu, picha, habari za Susi na Chuma walioufikisha mwili wa Livingstone pwani mwaka 1874, vyote kwa robo saa. Nikasema moyoni, hela imeenda.

Nje kuna mbuyu mkubwa, na kwenye gamba lake kimechomoza kipande cha mnyororo, kingine chote mti umeshakimeza. Mjomba akavua kofia. Akakigusa kwa kidole kimoja, midomo inamcheza, nadhani alikuwa akisoma Fatiha. Kijana aliyekuwa akitutembeza akamwacha amalize, kisha akasema kwa adabu, "Shikamoo tena mzee. Huu alifungia punda wake mama mmoja wa Kifaransa."

"Punda?"

"Punda, mzee. Ya watumwa ni ile ya mle ndani. Ila kila mtu anaililia hii ya mtini."

Mjomba alinuna. Akazunguka mbuyu mara mbili akinung'unika kwamba hakutoka Ujiji kuja kuliombea punda la Mfaransa. Halafu akarudi mlangoni, peke yake. Kijana akampisha bila kudai tiketi nyingine. Nilikaa kivulini zaidi ya saa nzima nikimsubiri. Alipotoka hakuongea mpaka tumefika Bunju.

Sasa hapa ndipo jibu langu linaponichanganya. Angedaiwa tena, angelipa? Namjua mjomba: asingelipa, na minyororo yenyewe asingeiona. Kwa hiyo basi, kishusheni. Au kibaki hapo hapo ila tiketi moja itumike kutwa nzima, mtu atoke, anune, arudi. Na kijana kama yule alipwe vizuri, maana bila yeye tungeondoka na uongo wetu tumeridhika. Kama fedha za kumlipa zinatoka kwenye kiingilio hicho hicho, basi sijui nimesema nini.

Niongeze kwamba Ujiji nako kuna makumbusho, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mjomba kakulia jirani, utotoni akiokota maembe ya pale, na hajawahi kuingia. Juzi nimempigia kumuuliza kama sasa ameshakwenda. Akasema kwao mvua inanyesha.